Kabla Mgeni Hajapanda Ndege: Maandalizi ya Safari za Tiba za Kujitolea Mkoani Kilimanjaro

Kila mwaka, hasa kati ya Juni na Agosti, vyuo vya nchi za kaskazini vinapofunga, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro hushusha wageni wa aina mbili: waliokuja kupanda mlima na waliokuja kutibu. Wakati mwingine ni walewale. Wapo madaktari bingwa, wauguzi, wafamasia na wanafunzi wa udaktari ambao hawajawahi kumgusa mgonjwa bila msimamizi. Wengi wao wamesoma maelekezo ya kutosha kuhusu safari yenyewe, yaani chanjo, chandarua, viatu na bima. Maelekezo hayo yameandikwa kwa ajili ya mgeni. Makala haya yanamhusu zaidi mwenyeji: mganga mfawidhi anayeandika barua ya mwaliko, muuguzi atakayebaki wodini, na mgonjwa ambaye mwili wake ndio utakaofanyiwa kazi.

Wahenga walinena kwamba mgeni aje, mwenyeji apone. Methali hiyo hutajwa sana katika hafla za kuwapokea wageni wa tiba, na kwa hakika inawafaa. Hata hivyo uponyaji huo haushuki na mizigo uwanjani. Hutegemea mambo yaliyopangwa miezi mingi kabla ya safari, na zaidi ya yote hutegemea jibu la swali moja ambalo huulizwa kwa kuchelewa: mgeni akishaondoka, nani atamwona mgonjwa huyu?

Mkoa wa Kilimanjaro una uzoefu mrefu wa jambo hili. Huduma za tiba za kisasa katika miteremko ya mlima zilianza na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, Wakatoliki upande wa Kilema na Kibosho, na Walutheri wa Leipzig upande wa Machame na kwingineko. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, mwaka uleule ulipofunguliwa uwanja wa ndege. Tangu hapo mkoa umepokea wageni wa kila namna, na si vigumu kuona ni ujio gani ulioacha kitu. Chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kilianzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa Wajerumani, na leo viungo hivyo hutengenezwa na Waafrika waliosomea hapa Moshi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kilichofuata miaka ya 1990, kimefundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na ndani yake ulianzia utengenezaji wa Kilisun, mafuta ya kuwakinga watu wenye ualbino dhidi ya jua. Uhusiano na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, na ule wa hospitali za Northumbria za Uingereza, una zaidi ya miaka 20. Katika yote hayo mgeni alirudi tena na tena, akafundisha, na kazi ikahamia mikononi mwa mwenyeji. Safari ya majuma mawili haiwezi kuwa na ukubwa huo. Inaweza, hata hivyo, kupangwa kwa fikra hizohizo.

Inafaa kukumbuka kwamba shirika lililoanzisha KCMC lilichukua jina la Msamaria Mwema. Wengi wetu hukumbuka mafuta, divai na vitambaa vya kufungia majeraha. Sehemu inayofuata ya mfano huo husahaulika: Msamaria alimkabidhi majeruhi kwa mwenye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Kwa lugha ya hospitali, alikabidhi mgonjwa, akagharimia matunzo na akapanga tarehe ya marudio.

Maandalizi mema huanza kwa mwenyeji kusema anachohitaji. Mara nyingi mambo huenda kinyume: kikundi cha ng'ambo huandika kwamba kina wapasuaji wawili na tarehe za safari, nasi hutafuta wagonjwa wa kuwatosha. Mganga mfawidhi asione haya kujibu kwamba wapasuaji anao, bali anahitaji mtu wa kuwafundisha wauguzi wa chumba cha watoto wachanga, au mhandisi wa vifaa tiba kwa siku kumi. Ajibu pia kuhusu majira. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara nyingi za udongo huko juu huteleza kiasi kwamba mgonjwa hawezi kushuka wala gari la kliniki haliwezi kupanda. Kliniki iliyopangwa siku ya soko itawakosa kina mama. Mwishoni mwa Desemba, vihamba vinapojaa jamaa waliorudi kutoka Dar es Salaam na Mwanza kwa Krismasi, watu hujitokeza kwa wingi kupimwa, lakini wengi wao hawatakuwapo Februari kwa ajili ya marudio. Tangazo, nalo, lisiishie kwenye mbao za hospitali. Lipelekwe kanisani lisomwe baada ya ibada ya Jumapili, na msikitini siku ya Ijumaa, mapema kiasi cha watu kujipanga.

Baada ya mwaliko hufuata karatasi, na hapa hakuna njia ya mkato. Leseni ya udaktari ya Ujerumani au ya Marekani haimruhusu mtu kutibu Tanzania Bara. Daktari lazima apate usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na muuguzi au mkunga ule wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Viza ya utalii hairuhusu kazi, hata isiyolipwa mshahara, kwa hiyo taratibu za Uhamiaji zikamilishwe kabla ya safari. Mwenye nia ya kukusanya takwimu ili aandike utafiti anahitaji vibali vya maadili ya utafiti, na asiwafiche wagonjwa nia hiyo kwa kuiita huduma. Vyeti vitumwe mapema ili vihakikiwe. Wapo wanaoona taratibu hizi kuwa urasimu unaomchelewesha mtu mwenye moyo wa kusaidia. Lakini mgonjwa wa Rombo ana haki ileile ya mgonjwa wa Munich, ya kujua kwamba anayeshika kisu amethibitishwa na mamlaka inayoweza kumwajibisha.

Tuje sasa kwenye kiini cha jambo, kwa mfano wa rovu. Uvimbe huu wa tezi ya shingo umejulikana kwa muda mrefu katika nyanda za juu, ambako udongo na maji huwa na upungufu wa madini joto. Chumvi yenye madini hayo imepunguza tatizo, lakini wagonjwa bado wapo, wengi wao wanawake wa makamo. Kwa mpasuaji mgeni, upasuaji wa rovu ni kazi nzuri: uvimbe mkubwa huondoka na mgonjwa hushukuru siku ileile. Ila hatari zake zina ratiba. Katika saa 24 za kwanza damu inaweza kuvuja ndani ya jeraha na kubana njia ya hewa, na anayepaswa kuligundua hilo usiku wa manane ni muuguzi wa zamu, ambaye lazima awe amefundishwa kufungua nyuzi palepale kitandani bila kungoja. Kati ya siku ya kwanza na ya tatu kiwango cha kalsiamu kinaweza kushuka ikiwa tezi ndogo zilizo nyuma ziliguswa. Mgonjwa huhisi ganzi midomoni na vidoleni, kisha misuli hukakamaa. Na iwapo tezi yote iliondolewa, mgonjwa atahitaji kidonge cha homoni ya thairoksini kila siku ya maisha yake, na vipimo vya damu vya kurekebisha kipimo cha dawa. Akikosa kidonge, ndani ya majuma kadhaa atachoka, atavimba uso, atahisi baridi na kufunga choo. Miezi ikipita ataanza kupoteza kumbukumbu, na nyumbani watasema amerogwa au amezeeka.

Kwa hiyo uamuzi wa kuondoa tezi yote au kuacha sehemu yake hautegemei ustadi wa mpasuaji peke yake. Unategemea pia kama kidonge kile kinapatikana karibu na mgonjwa, kwa bei anayoiweza, mwaka hadi mwaka. Mgeni hawezi kulijua hilo. Mwenyeji anajua, na wajibu wake ni kulisema katika kikao cha kuchagua wagonjwa, hata kama aliyeketi mbele yake ni profesa. Yapo matibabu yanayostahimili safari fupi vizuri zaidi. Mtoto wa jicho ni mfano: bandeji hufunguliwa kesho yake, na mtaalamu wa macho wa hapa anaweza kuendelea na marudio. Hata hapo, siku za mwisho za ziara zisiwe za upasuaji mkubwa. Napendekeza kwamba siku tatu za mwisho ziwe za kutembelea wodi, kufunga majalada na kufundisha.

Hayo yanahusu kisu, lakini vidonge navyo vina mtego wao. Katika kliniki za vijijini ugonjwa unaogunduliwa sana ni shinikizo la juu la damu. Mama wa miaka 60 hupimwa chini ya mwembe, huambiwa presha iko juu, hupewa vidonge vya siku 30 na kupigiwa makofi. Siku ya 31 hana dawa. Ikiwa kile alichopewa ni kidonge cha aina mpya kisichojulikana katika zahanati yake, muuguzi wa pale hatakuwa na cha kumwendelezea. Hivyo ni busara wageni watumie dawa zilizomo katika Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu tu, waandike jina halisi la dawa badala ya jina la kibiashara, na waandike katika daftari la mgonjwa, kwa mwandiko unaosomeka, vipimo, dawa na tarehe ya kurudi zahanati. Daftari hilo la shule lenye jalada lililochakaa ndilo jalada pekee litakalofuatana na mgonjwa kila aendako. Takwimu za siku hiyo ziingizwe pia katika vitabu vya MTUHA vya kituo husika, la sivyo wagonjwa wote hao watakuwa kama hawakuwahi kuonwa.

Mizigo ya wageni huhitaji jicho kali. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu dawa za msaada, iliyotolewa kwanza mwaka 1996, inataka dawa ziwe zimeombwa na mpokeaji, ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kwisha muda wake zinapowasili, na zisiwe masalio yaliyorudishwa na wagonjwa wengine. Kuingiza dawa na vifaa nchini huhitaji kibali cha TMDA, hata vikiwa ndani ya sanduku la nguo. Kwa upande wa mashine, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011, uliohusu vifaa tiba zaidi ya 110,000 katika nchi 16 zenye kipato kidogo, ulikuta kwamba takribani asilimia 38 ya vifaa hivyo havifanyi kazi. Sababu moja ni umeme. Wetu ni wa volti 230 na hezi 50, wa Marekani ni wa volti 120 na hezi 60. Watu hudhani transfoma inamaliza tofauti hiyo. Transfoma hubadili volti tu, haibadili hezi, na baadhi ya mota zilizotengenezwa kwa hezi 60, kama zile za mashine zinazochuja oksijeni kutoka hewani, zikitumiwa kwa hezi 50 huenda polepole, hupata joto na hatimaye huungua. Kabla ya kupokea mashine mwulize mtoaji: inatumia umeme gani, vipuri vyake vinauzwa wapi, kitabu cha matengenezo kiko wapi, na nani atamfundisha fundi wetu? Asiye na majibu abaki na mashine yake. Kukataa huko si utovu wa shukrani. Bohari nyingi zimegeuka makaburi ya shukrani za namna hiyo.

Lugha ni sehemu ya tiba, na huandaliwa kama dawa. Wageni wengi hufika wakiwa wamejifunza salamu, na hilo ni jema: kijana wa miaka 22 anayemwambia bibi shikamoo kabla ya kumshika mkono amekwisha kupunguza nusu ya woga wake. Lakini salamu zetu zina utaratibu ambao mgeni lazima aelezwe. Akimwuliza mgonjwa habari zake atajibiwa nzuri, hata kama mgonjwa ameletwa akiwa amebebwa. Adabu inadai hivyo. Baada ya nzuri huja neno ila: nzuri, daktari, ila kifua kinanibana. Ugonjwa umo ndani ya ila, na mkalimani mwenye haraka huikata sentensi kabla haijafika hapo. Mkalimani ajue pia kwamba kichomi ni maumivu makali ya ubavuni mtu avutapo pumzi, na mara nyingi watu huita hivyo homa ya mapafu. Kwamba mshipa aghalabu ni ngiri. Na kwamba anayesema ana presha ya kushuka huenda anaeleza kizunguzungu au moyo kwenda mbio, wala hajawahi kupimwa. Wazee wa milimani hueleza maumivu vizuri zaidi kwa lugha ya nyumbani, na Kimachame si Kirombo: mkalimani wa upande mmoja wa mlima anaweza kupotea kabisa upande wa pili.

Kuna na suala la saa, ambalo huonekana dogo mpaka limdhuru mtu. Mgeni aliyejifunza tarakimu akimwambia mgonjwa ameze dawa saa nane, akifuata saa iliyo mkononi mwake inayoonyesha 8 asubuhi, mgonjwa ataimeza saa nane mchana. Akimwita saa tisa alasiri kwa kusema saa tatu tu, mgonjwa atafika saa tatu asubuhi bila kifungua kinywa na kushinda njaa kwenye benchi. Ikiwa mgonjwa huyo anatumia insulini, kosa hilo la saa sita si la kuchekesha. Kila agizo litaje asubuhi, mchana au usiku, na mgonjwa aombwe kulirudia kwa maneno yake.

Kuhusu mwili wa mgeni mwenyewe nitasema kwa ufupi, maana yameandikwa mengi. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa ratiba ya kawaida huchukua miezi sita, kwa hiyo ianze mapema. Kwa asiyechanjwa, uwezekano wa kuambukizwa kwa sindano yenye damu ya mwenye virusi hivyo unaweza kufikia 30 kati ya 100, ilhali kwa VVU ni takribani 3 kati ya 1,000. Kila mgeni aonyeshwe siku ya kwanza mahali dawa za kinga ya VVU baada ya ajali zilipo. Zianzwe haraka iwezekanavyo, zisicheleweshwe kupita saa 72, na zitumike siku 28. Sheria hiyo ni ya wenyeji pia, na mhudumu wa usafi anayejichoma sindano asihesabiwe nyuma ya daktari wa kigeni. Malaria ni kidogo katika miteremko ya juu, lakini tambarare za mpunga na miwa kusini mwa mji ni mahali pengine kabisa, na mgeni asiache dawa zake za kinga kwa sababu alilala siku tatu Marangu bila kuona mbu. Na kwa wanaotaka kupanda mlima, afadhali wapande baada ya kazi kuliko kabla yake. Mpasuaji aliyeshuka kutoka mita 5,895 jana hafai kushika kisu leo, ilhali aliyepasua kwanza, akishuka siku ya sita, bado anaweza kupitia wodini kuwaona wagonjwa wake.

Ndugu mgonjwa, nawe una maandalizi yako. Una haki ya kumwuliza anayekuhudumia jina lake, taaluma yake, na kama bado ni mwanafunzi. Unaweza kumkubali mwanafunzi asome kwako akiwa na msimamizi, na wengi hufanya hivyo kwa ukarimu. Unaweza pia kumkataa, na huduma yako isipungue kwa sababu hiyo. Uliza nani atakuona baadaye, wapi, na kwa gharama ya nani. Neno bure katika tangazo la kambi ya matibabu lifafanuliwe kabla hujalala kitandani: je, jeraha likioza mwezi ujao, dawa na vipimo navyo vitakuwa bure, au utakutana na dirisha la malipo peke yako? Hospitali na wageni waandikiane hilo katika makubaliano. Kuhusu picha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ridhaa ya kutibiwa si ridhaa ya kupigwa picha, na kidonda cha mtoto wako si pambo la ukurasa wa mtu huko ng'ambo.

Makabidhiano yafanyike angalau siku mbili kabla ya ndege. Mgeni, daktari mwenyeji na muuguzi kiongozi wapite kitanda kwa kitanda, na kwa kila mgonjwa waandike katika orodha moja kilichofanyika, dalili za hatari za kuangaliwa, dawa na mahali zinapopatikana, tarehe ya marudio, na jina la mwenyeji atakayemwona. Nakala moja ibaki wodini, moja iende kwa mganga mfawidhi wa kituo kilicho karibu na nyumbani kwa mgonjwa, na moja aondoke nayo mgeni, pamoja na namba ya simu ya wodi. Simu hiyo naye aipige, kwa mara ya kwanza siku ya saba.